Mtoto asiyejua kwamba anachekesha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Uingereza na mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 8 na 6. Jirani alituonyesha Outnumbered, komedi ya BBC ya miaka kadhaa iliyopita, kuhusu baba na mama wa London wanaoshindwa nguvu na watoto wao watatu. Mimi nacheka mpaka machozi. Mume wangu anainuka na kwenda zake chumbani; anasema hilo ni darasa la utovu wa adabu, watoto wanambishia baba yao kama wanabishana na mtu wa rika lao. Nauliza mambo mawili. Kwa nini watoto wale wanachekesha namna ile, wakati watoto wengi kwenye vichekesho vyetu wanasikika kama wanaghani shairi siku ya mahafali? Na mume wangu, ana haki?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mumeo nitamrudia, maana hoja yake si ya kupuuza. Kwanza swali lako, kwa kuwa linagusa kazi yangu: nimekaa miaka mingi nyuma ya kamera nikihangaika na watoto wa kuigiza, na hiyo Outnumbered ndiyo ninayowawekea vijana wanaokuja kwangu kujifunza uongozaji.

Watoto wale wanachekesha kwa sababu wanaongea kwa dhati kabisa, na mkubwa aliye mbele yao hana pa kukimbilia, lazima ajibu. Nusu hiyo ya pili wengi wetu tunaisahau. Tunadhani kicheko kinatoka mdomoni mwa mtoto, tunamtafutia maneno makali ya kusema, kisha tunashangaa watazamaji wamenuna. Rudia kutazama tukio lolote ulilolipenda, ila safari hii mkazie macho baba. Mtoto anauliza, baba anafungua mdomo, anaufunga, anaangalia mlango, anasema jambo la kijinga ambalo yeye mwenyewe haliamini, na mtoto analidaka palepale. Hapo ndipo ulipocheka.

Sasa, hilo lilifanyikaje? Waandishi na waongozaji ni wawili, Andy Hamilton na Guy Jenkin, waliokwisha kujijengea jina miaka ya 1990 kwa Drop the Dead Donkey, komedi ya chumba cha habari iliyorushwa na Channel 4. Outnumbered ilipoanza kuonyeshwa BBC One mwezi Agosti 2007, mtoto mkubwa, Jake, aliyeigizwa na Tyger Drew-Honey, katika hadithi alikuwa na miaka 11. Ben, aliyeigizwa na Daniel Roche, 7. Na Karen, aliyeigizwa na Ramona Marquez, 5. Wakubwa walipewa skripti na kuikariri kama kawaida. Watoto hawakupewa. Waliambiwa mambo yao muda mfupi kabla ya kamera kuwashwa: hapa unataka kitu fulani, muulize baba hivi, akikwepa usimwachie. Mara nyingine walipewa wazo la sentensi na kuachwa waiseme kwa maneno yao. Wakitoka nje ya njia, wakubwa waliwafuata hukohuko walikokwenda.

Fikiria njia ya kawaida, tunayoitumia sisi na hata Waingereza wengi kabla ya hapo. Mtoto wa miaka 5 hajui kusoma, au anasoma kwa kuunganisha silabi. Skripti kwake ni karatasi tu. Kwa hiyo mkubwa anamsomea sentensi, mtoto anairudia, anasomewa tena, anairudia tena. Anachokikariri hapo si maneno peke yake. Anakariri na sauti ya aliyemsomea: pale mkubwa alipopandisha, naye anapandisha, pale mkubwa alipovuta pumzi, naye anavuta. Ukiona mtoto kwenye kichekesho anaongea huku amekaza shingo na kumalizia kila sentensi kwa kishindo, unamsikia mwongozaji wake. Ndiyo lile shairi la mahafali unalolisema.

Halafu kuna maneno yenyewe. Mwandishi mtu mzima akimwandikia mtoto kichekesho, humpa utani wa watu wazima. Mtoto anamwambia baba yake, «Wewe mkali nyumbani, lakini mwenye nyumba akibisha hodi unajificha chooni!» Ukumbi unaweza kucheka, lakini kila mtu anajua hilo halikutoka kichwani mwa mtoto. Linganisha na mtoto anayemwangalia baba yake akiwa amelala na homa, akafikiri kidogo, kisha akauliza kwa upole, «Baba, ukifa, simu yako naichukua mimi au Musa?» Hakuna tusi hapo wala kejeli. Anataka kujua utaratibu. Na baba, mwenye homa yake, inabidi ajibu.

Ndiyo mantiki ya Karen na Ben. Liko tukio ambapo wanambana kasisi kuhusu Yesu na Mfalme Herode: ikiwa ana uwezo wote huo, kwa nini asimshughulikie yule mtu mbaya? Kasisi anajibu kwa lugha ya kasisi, wao wanauliza tena kwa lugha ya mtu anayetaka jibu linaloshikika. Liko jingine, Karen anamzika panya aliyekufa. Anajua kwamba mazishini husemwa maneno mazito, amewahi kuyasikia, basi anayasema. Ila yanamchanganyikia na yale ya kiapo cha ndoa, na panya anaagwa kwa utajiri na kwa umaskini. Kinachonifurahisha pale ni heshima ya yule mtoto. Hachezi. Anaendesha ibada, uso umekunjwa kabisa. Angejua kwamba watu watacheka, angetabasamu, na tukio zima lingekufa.

Kwa hiyo kazi ngumu iliwaangukia wakubwa wawili, Hugh Dennis anayeigiza baba na Claire Skinner anayeigiza mama, na sidhani walichaguliwa kwa bahati. Dennis alikuwa mchekeshaji aliyezoea kujibu papo kwa papo, redioni kwenye The Now Show na kwenye televisheni kwenye Mock the Week. Skinner alikuwa amefanya kazi na Mike Leigh katika filamu za Life Is Sweet na Naked, na Leigh ni mwongozaji ambaye waigizaji wake hujenga wahusika kwa mazoezi marefu ya kubuni kabla ya maneno kuandikwa. Watu wa namna hiyo hawaogopi mwenzao akisema jambo lisilotarajiwa. Mwigizaji aliyekariri skripti peke yake, mtoto akimtoa nje ya mstari, hukwama au humrudisha mtoto kwenye mstari kwa nguvu. Hawa wawili walikuwa na mzigo maradufu: kumsikiliza mtoto kwa ukweli, na wakati huohuo kuiburuza hadithi mpaka mwisho, kwa sababu hadithi wao ndio walioijua.

Sehemu ya kwanza kabisa inaonyesha hilo vizuri. Ni asubuhi, familia inatakiwa kutoka nyumbani watoto wawahi shule. Basi. Hiyo ndiyo hadithi. Wazazi wanajua wanakokwenda, watoto hawana habari, na kila mtoto ana jambo lake muhimu zaidi kuliko shule. Mwandishi asiyejiamini angeweka wizi, mgeni wa ghafla, mimba ya siri. Hawa waliweka mlango wa kutokea na watu watano wasioufikia. Nikiulizwa na mwandishi chipukizi aanzie wapi, humwambia aanzie hapo: mpe mkubwa jambo dogo la kumaliza, mpe mtoto swali.

Yako mambo ya kiufundi ambayo mtazamaji hayaoni lakini anayasikia mwilini. Walipiga picha katika nyumba ya kweli huko Wandsworth, kusini-magharibi mwa London. Hakukuwa na ukumbi wa watazamaji, wala kicheko kilichobandikwa juu. Kamera zilibebwa mkononi zikimfuata mtoto anapokwenda. Mtoto huwezi kumwambia asimame juu ya alama ya chaki sakafuni kisha umtegemee awe mtu wa kawaida. Atakuwa anaiwaza ile alama. Ni rahisi kwa mpiga picha kumfuata mtoto kuliko mtoto kumfuata mpiga picha. Kicheko cha ukumbini nacho kina madhara yake: mtoto akishasikia watu mia mbili wanacheka aliposema neno fulani, mara ya pili atalisema kwa ajili yao.

Baadaye kuna chumba cha kuhariri, na huko ndiko gharama inakopanda. Ukiwaacha watoto waongee wanavyotaka, unapata picha nyingi zisizo na kazi ili upate dakika chache za dhahabu. Maudhui ya vipindi vingi vya kwetu hurekodiwa kwa haraka, kamera moja au mbili, wiki hii ionekane wiki ijayo. Sitaki kuwalaumu wenzangu kwa jambo ambalo kwa sehemu kubwa ni la mfuko. Hata hivyo, Machachari, kipindi cha watoto cha Citizen TV kule Kenya, ilionyesha kwamba hata bila mfuko wa BBC mtoto akipewa lugha yake ya mtaani na mambo ya umri wake, anapumua.

Sheria nayo inasaidia, ingawa waandaaji huilalamikia. Kwa kanuni zinazotumika England sasa, za mwaka 2014, mtoto wa shule anayeigiza kwa kawaida anahitaji kibali cha halmashauri ya eneo lake, na awe na mlezi aliyeidhinishwa wa kumwangalia asipokuwa na mzazi au mwalimu wake. Mtoto wa chini ya miaka 5 haruhusiwi kuwa kazini zaidi ya saa 5 kwa siku, na kuigiza kwenyewe kusizidi saa 2. Wa miaka 5 hadi 8 ana saa 8, na katika hizo kuigiza ni saa 3. Kuanzia miaka 9 ni saa 9 na nusu, kuigiza saa 5. Wakati Outnumbered inaanza, kanuni zilikuwa za zamani zaidi, za mwaka 1968, lakini nia ilikuwa ileile. Matokeo yake ni kwamba unamwona Karen akiwa hajachoka. Mimi nimewahi kuona kwenye seti fulani mtoto wa miaka 6 akirudishwa mara ya kumi na kitu saa nne usiku, anasinzia, na mwongozaji anamfokea eti hana kipaji.

Jambo jingine la Waingereza ni ufupi. Msimu wa kwanza wa Outnumbered una sehemu 6 tu. Misimu mitano ilichukua kuanzia 2007 hadi 2014, na vipindi vyote waliviandika watu wawili walewale. Komedi ya Marekani ya siku zile ingedai sehemu 22 kwa mwaka na chumba kizima cha waandishi. My Family, ambayo nayo ilikuwa ya BBC One, kuanzia 2000 hadi 2011, ilijaribu njia hiyo ya Kimarekani: aliyeianzisha, Fred Barron, ni Mmarekani, na iliandikwa na timu. Iliwapata watazamaji wengi mno, na Robert Lindsay na Zoë Wanamaker, walioigiza wazazi, ni waigizaji hodari. Lakini msikilize Michael, yule mtoto wao wa mwisho. Kila anachosema kimechongwa. Anachekesha, sikatai, ila unaisikia kalamu.

Haya, mumeo.

Anasema watoto wanambishia baba yao kama mtu wa rika lao. Ni kweli, wanambishia, na Ben juu ya hayo ni mwongo wa kupindukia. Ila mwombe atazame tena nani anadhalilishwa na nini. Pete, yule baba, ni mwalimu wa historia: mchana anashindwa na wanafunzi, jioni anashindwa na wanawe. Ni mzazi wa kizazi ambacho fimbo imetoka mkononi. Kwenye shule za serikali za Uingereza adhabu ya viboko ilikoma mwaka 1987, na nyumbani kwa watu wa aina ya Pete na mkewe Sue kumchapa mtoto kulikuwa kumeanza kuonwa kama aibu ya mzazi. Kilichobaki mkononi ni maneno: kuahidi, kutishia, kujadiliana, kuhonga kwa biskuti. Na mtoto ni wakili mzuri kuliko mzazi aliyelala kwa saa tano tu. Komedi nzima imesimama juu ya hilo. Mzazi wa Kiingereza aliyeitazama mwaka 2007 hakuwa anawacheka watoto wasio na adabu. Alikuwa anajicheka mwenyewe, kwa nafuu ya kugundua kwamba si nyumba yake peke yake.

Kumbuka pia ilivyorushwa. Msimu wa kwanza uliwekwa usiku sana, watoto wakiwa wamekwisha kulala. Uingereza ina mpaka wa saa tatu usiku. Yasiyowafaa watoto hayaonyeshwi kabla ya hapo. Hiki ni kipindi kinachohusu watoto, lakini kiliandikwa kwa ajili ya wazazi waliochoka. Hapo mumeo ana haki, na nusu ya hoja yake naichukua: usiwakalishe wa miaka 8 na 6 mbele yake bila kwanza kuitazama sehemu husika wewe mwenyewe. Watoto wako wataona mbinu tu. Wataona Ben kadanganya, na hakuna kilichomfika.

Nusu nyingine ya hoja namrudishia. Sisi tuna mahali ambapo mtoto anaruhusiwa kabisa kumshinda mkubwa kwa mdomo, tena mbele za watu, na kila mtu anafurahi. Babu na mjukuu. Mjukuu wa kiume anamwambia babu yake kwamba huyu bibi ni mke wake yeye, babu atafute mwingine. Bibi anamwita mjukuu wake wa kike mke mwenza na kumsimanga kwa kutojua kupika. Babu anayejua kazi yake hujifanya ameshindwa. Hakuna anayesema mtoto huyo hana adabu, kwa sababu utani una watu wake. Kinachomuudhi mumeo, nadhani, ni kwamba Waingereza wamemtoa babu kwenye kiti hicho wakamkalisha baba. Kwake baba si mtani. Anayo haki ya kutolipenda hilo, lakini asiseme ni kitu asichokifahamu.

Babu mwenyewe yumo, ila amekuja na jambo jingine. Baba yake Sue, aliyeigizwa na David Ryall, anaanza kupoteza kumbukumbu, na waandishi hawakuligeuza hilo kuwa mzaha rahisi. Watoto wanaongea naye bila woga ambao wakubwa wanao. Sue anazunguka nyumba nzima akijaribu kuwaficha watoto jambo ambalo wao wamekwisha kulizoea. Mwonyeshe mumeo sehemu hizo kabla hajahukumu.

Nikuambie na kasoro, nisije nikaonekana wakala wa BBC. Mbinu ya kutowapa watoto skripti ina muda wake wa kuisha, kwa sababu watoto wanakua. Mtoto wa miaka 12 anajijua. Anajua kamera iko wapi, anajua upande upi wa uso wake unapendeza, na anajua kwamba mwaka jana watu walicheka aliponuna, kwa hiyo ananuna. Ramona Marquez alipata tuzo ya mchekeshaji mpya wa kike kwenye British Comedy Awards za 2009, akiwa bado mdogo sana, na aliistahili. Lakini kufikia msimu wa tano, mwaka 2014, Karen amekuwa msichana wa kununa, Ben ni kijana mkubwa, na unahisi maandishi yamechukua nafasi iliyokuwa ya watoto. Ni kazi safi bado. Ila si kitu kilekile, na mimi nisingeianzia hapo. Walirudi tena kwa kipindi cha Krismasi mwaka 2016, kisha mwaka 2024, watoto wakiwa watu wazima na Jake mwenyewe ana binti. Hicho cha mwisho kinavutia kwa sababu tofauti: unawaona wazazi wakizeeka mbele yako.

Basi, kwa utaratibu, anza na misimu miwili ya kwanza, ninyi wawili, watoto wakiwa wamelala. Mkiimaliza na mumeo bado ameshika msimamo, mwache. Na kama siku moja ukitaka kuwarekodi wanao kwa simu kwa ajili ya kuwachekesha ndugu nyumbani, usiwaambie semeni hivi. Mwambie mdogo kwamba baba yake anatakiwa kutoka saa hii hii, na yeye ahakikishe kwanza amejibiwa ni nani aliyemla kuku wa jana. Weka simu usawa wa macho ya mtoto, usicheke, na usimwombe arudie zaidi ya mara mbili. Baba usimwambie chochote.